Miaka yangu kwenye rufaa za jinai: majaji wanasoma, hawasikilizi stori

Kitu ambacho familia nyingi hawapendi kukisikia ni kwamba rufaa sio kesi mpya. Hamna shahidi atakayeitwa tena, hamna jirani atakayekuja kusema kijana wenu siku ile alikuwa shambani, na hamna jaji atakayemwangalia mshtakiwa usoni akasema huyu hana sura ya ujambazi. Ushahidi mpya kupokelewa kwenye rufaa ni jambo la nadra sana, usilitegemee. Majaji wanaletewa kitabu cha karatasi, ndani yake kuna mwenendo wa kesi, yani yale hakimu aliyoyaandika kule mahakama ya chini wakati kesi inasikilizwa, wanasoma, wanauliza maswali, wanaamua. Kama jambo halimo kwenye zile karatasi basi kwa hesabu za rufaa halikutokea, hata kama mtaa mzima unalijua.

Mimi ni wakili wa utetezi hapa Tanzania na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa na watu ambao tayari wameshahukumiwa, wengine miaka 30, wengine maisha, wengine kunyongwa. Nimeshinda nyingi na nimepoteza nyingi zaidi, na nikikaa nikiangalia nyuma naona waliopoteza wengi hawakupotezea kwangu wala kwa majaji, walipotezea mwanzoni kabisa, na ndio maana naandika.

Huku niliingia bila kupanga. Ukiwa wakili mchanga mahakama inakupangia kesi za kuua, kwa sababu mshtakiwa wa kuua lazima awe na wakili na kama hana uwezo serikali ndio inalipa, na malipo yenyewe hata nauli wakati mwingine hayatoshi, na faili unaweza kulipata kikao kimeshakaribia. Wenzangu wengi walikuwa wanazikimbia. Mimi zilininasa, hasa baada ya mzee aliyenifundisha kazi kunipa faili la rufaa na kuniambia, "Mwanangu, usifungue hukumu kwanza. Soma mwenendo wote, ukimaliza andika hukumu yako wewe kwenye daftari, ndio ufungue ya hakimu." Nilidhani ananipotezea muda. Baadae nikaelewa, ukianza na hukumu unaanza kuona ushahidi kwa macho ya hakimu, unaona kila kitu kimekaa sawa, kumbe hukumu imejaa vitu ambavyo shahidi hakuvisema.

Ile faili yenyewe ilikuwa ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwenye nyumba anasema majambazi waliingia saa nane usiku, watatu, wana mapanga, akamtambua mmoja wao kwa msaada wa mwanga wa taa. Hukumu ilikuwa na maneno mazito kweli, shahidi mkweli, hakuyumba, alimwona mshtakiwa vizuri. Nikarudi kwenye ushahidi wake, ukurasa mmoja na nusu tu kwa mwandiko wa hakimu. Taa gani? Haijasemwa. Ya umeme, ya chemli, ya tochi ya majambazi wenyewe? Haijasemwa. Ilikuwa sebuleni au uani, mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani, alimwona kwa muda gani, kwa umbali wa hatua ngapi, alikuwa anamfahamu kabla? Hamna. Na kama alimfahamu mbona asubuhi yake polisi hakutaja jina la mtu, kijana akakamatwa wiki mbili mbele?

Hayo maswali sikuyatunga mimi. Mahakama ya Rufani iliyaweka tangu mwaka 1980 kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo ndio kipimo cha utambuzi wa kuona, kwamba ushahidi wa aina hiyo ni dhaifu na mahakama isiutegemee mpaka ijiridhishe kwamba uwezekano wa kukosea haupo. Kijana akatoka. Alikuwa ameshakaa ndani miaka, mke alishaolewa kwingine.

Sasa kuna upande wa pili wa hili ambao nauona kila mara na unaniuma. Mshtakiwa hana wakili, yuko kizimbani peke yake, shahidi amemaliza kusema "nilimtambua kwa taa" na mwendesha mashtaka amekaa chini ameridhika, shimo liko wazi kabisa. Hakimu anamwambia mshtakiwa aulize maswali. Na yeye kwa hasira anauliza, "Wewe ulinitambuaje wakati ilikuwa usiku?" Shahidi anajibu, taa ilikuwa ya sola, ina mwanga mkali, ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwangu, na wewe nakujua tangu tunasoma shule ya msingi. Kwisha habari. Mshtakiwa mwenyewe ameliziba lile shimo kwa mkono wake, na hakimu ameandika kila neno. Mimi nikija miaka minne baadae sina pa kushika. Kwahiyo ndugu yako akiwa na kesi na hamna uwezo wa wakili, mwambie hivi, swali ambalo hujui jibu lake usiulize. Shahidi ambaye hajakugusa mwache ashuke.

Nirudi kwenye muda, maana hapa ndio wengi wanaangukia. Mtu akihukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu rufaa yenyewe iingie Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na katika hizo 45 hauhesabiwi ule muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Ikishindikana Mahakama Kuu, kuna siku 30 za kutoa taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani. Hakimu akimaliza kusoma adhabu anasema haki ya rufaa imeelezwa, na anaandika hivyo, ila wewe uliyekuwa mle ndani unajua hali ilivyo, mama anapiga kelele, watu wanalia, askari wanamvuta mtu, nani amesikia siku 10? Siku zinaanza kuhesabiwa pale pale.

Ukiwa gerezani kuna njia. Mfungwa anaandaa kusudio lake anaweka dole gumba, anampa mkuu wa gereza, na sheria inatambua kwamba kupitia kwa mkuu wa gereza ni sawa na kupeleka mahakamani. Ndugu wa nje kazi yenu ni kwenda kumtembelea ndani ya ile wiki ya kwanza, hata kama mna uchungu, na kumuuliza swali moja, umesaini kusudio? Lini? Andikeni tarehe. Muda ukipita unaweza kuomba kuongezewa lakini utatakiwa kutoa sababu ya msingi na kuelezea ucheleweshaji wako, na kwa mtu aliyeko gerezani majaji huwa wanaelewa kwamba hana miguu ya kwenda masjala, ila hiyo ni huruma ya sheria, usiifanye mpango. Nimeona maombi ya kuongezewa muda yakichukua muda mrefu kuliko rufaa yenyewe.

Alafu nakala. Mwenendo wa kesi nyingi kule chini unaandikwa kwa mkono au ulikuwa unaandikwa hivyo, unakuja kuchapwa baadae, na anayechapa sio aliyesikia. Kurasa zinaruka. Shahidi wa tatu anakuwa wa nne. Kuna rufaa nimewahi kupata nakala iliyochapwa ambayo haina kabisa utetezi wa mshtakiwa, yani inaonekana kama jamaa hakusema kitu, nikaenda kuomba kuona jalada la asili na kurasa sita za utetezi wake zipo kwa wino wa bluu. Tangu hapo nakala iliyochapwa siiamini mpaka nimeilinganisha na mwandiko. Na jalada likipotea kabisa, msidhani ndio mtu ameshaachiwa, hapana, mahakama kwanza itajaribu kulijenga upya kutoka kwa yeyote mwenye nakala, kwahiyo kila karatasi mliyopewa tangu siku ya kwanza, hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi, PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari), mtunze fotokopi nyumbani.

Jambo jingine, kwa miaka mingi kumbukumbu za mahakama, ukitoa mahakama za mwanzo, zilikuwa kwa Kiingereza hata kama watu wote mle ndani waliongea Kiswahili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndio yakaifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Nina wateja wa zamani waliofungwa kwa karatasi wasizoweza kuzisoma, na ukiwakalisha ukawatafsiria mstari kwa mstari wanashtuka, "Wakili, huyu alisema hivi? Mbona hakusema hivi?" Na mimi namjibu, bwana, hilo sasa hatuwezi kulibadilisha, kumbukumbu ya mahakama inachukuliwa kuwa ni ya kweli, kuipinga sio kazi ya mchezo.

Nyaraka ndio zimenishindia rufaa nyingi kuliko kitu kingine chochote, ukitoa utambuzi. Kwenye kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake ambayo ipo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilisema nyaraka inatakiwa kwanza ipimwe kama inafaa kupokelewa, ipokelewe, ndio isomwe. Kule chini zamani walikuwa wanapokea maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yale ambayo polisi wanasema amekiri, wanagonga alama ya kielelezo, wanaendelea, hamna aliyeyasoma kwa sauti. Mshtakiwa anafungwa kwa karatasi ambayo hajawahi kusikia imeandikwa nini. Hiyo ikifika juu inafutwa kwenye kumbukumbu. Vile vile maelezo ya onyo yaliyochukuliwa baada ya masaa manne kupita tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, bila kuongezewa muda kwa utaratibu. Angalieni saa ya kukamatwa na saa iliyoandikwa juu ya yale maelezo, ni hesabu ya darasa la tatu lakini imefungua mageti ya magereza.

Ila tahadhari hapa, maana watu wakishasikia hivyo wanakuja mbio kwamba PF3 haikusomwa basi tumeshinda. Hapana. Kama daktari alisimama kizimbani akaeleza kwa mdomo alichokiona, ile karatasi ikifutwa maneno yake bado yapo. Hivyo hivyo kwenye vielelezo, kesi ya Paulo Maduka inataka kuwe na mnyororo wa maandishi wa nani alikishika kielelezo, akampa nani, lini, na kwenye dawa za kulevya au pesa hilo ni jambo kubwa. Lakini kwenye meno ya tembo majaji wameshasema mara kadhaa kwamba kitu ambacho sio rahisi kubadilishwa mkononi hakihitaji ukali ule ule. Kwahiyo kila kasoro uliyoipata jiulize, nikiiondoa hii karatasi kinabaki nini? Kama kinachobaki kinatosha kumfunga, hujapata kitu.

Na hapa niseme lile ambalo mawakili tunasemeshana sisi kwa sisi. Kuna kasoro ambazo ukishinda kwazo haurudi nyumbani, unarudi mahabusu kuanza upya. Zamani kesi za kuua lazima jaji akae na wazee wa baraza, yani raia wa kawaida wanaompa maoni yao, mpaka sheria ilipobadilishwa 2022, na jaji asipowaelekeza vizuri wale wazee kesi nzima inafutwa. Nimeona mtu aliyekaa akisubiri kunyongwa, hukumu imefutwa, amelia kwa furaha, na baada ya dakika mbili anasikia kesi irudi Mahakama Kuu isikilizwe tena kwa haraka. Haraka ya mahakama unaijua. Kwahiyo kwenye kasoro za utaratibu kazi ya wakili haiishii kuonyesha kasoro, kazi kubwa ni kubishania kinachofuata. Kesi ya zamani ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kesi isirudishwe kusikilizwa upya kama ushahidi ulikuwa hautoshi au kama itaupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Mimi hiyo hoja naiandaa kabla hata sijaandaa hoja ya kasoro yenyewe. Unamwonyesha jaji kwamba hata tukirudi kule, ukitoa hiki na hiki, hakuna cha kumfungia huyu mtu, turudi kufanya nini?

Kwenye Mahakama ya Rufani unakutana na majaji watatu na hawana muda wa hotuba. Mara yangu ya kwanza nilienda na maandishi marefu ya kusoma, nikafika aya ya pili jaji akauliza, "Wakili, hilo unalolisema liko ukurasa wa ngapi?" Na hilo ndilo swali watakalokuuliza siku zote. Nikaanza kwenda na karatasi moja tu, upande wa kushoto hoja, upande wa kulia namba ya ukurasa. Kitu kingine, hoja ya ushahidi ambayo hukuileta kwenye rufaa ya kwanza Mahakama Kuu, majaji hawatakusikiliza, labda iwe ya kisheria. Nimepokea wateja wakiwa ngazi hiyo ya mwisho wakiwa na hoja nzuri kabisa ambayo haikuwekwa kule nyuma, na hamna cha kufanya. Kwenye rufaa ya kwanza mwageni kila kitu.

Niwasifu hapa watu ambao huwa hawasifiwi, wale wafungwa wanaowaandikia wenzao rufaa. Kila gereza kubwa lina mtu wake. Hajasoma sheria, wengine wameishia darasa la saba, lakini Waziri Amani anaijua kama sala na anakwambia mpaka namba ya ukurasa kwenye ripoti. Rufaa kadhaa nilizopewa niziendeleze nimekuta sababu za rufaa zimeandikwa na hao jamaa kwa kalamu ya peni na sikubadilisha kitu zaidi ya tahajia. Shida ni kwamba wengine wana fomu moja kichwani, wanaandika sababu zile zile kwa kila mtu, kwahiyo unakuta mtu wa kesi ya kubaka analalamikia mnyororo wa vielelezo. Ukisaidiwa sema asante, ila mwambie asome mwenendo wako kwanza.

Na siku moja utashangaa, wakili wa serikali anasimama anasema waheshimiwa majaji, upande wa Jamhuri tunaunga mkono rufaa hii. Inatokea sio mara chache. Mteja wangu mmoja siku hiyo alinishika mkono wa joho akaninong'oneza, "Wakili, mbona huyu anatusaidia, amehongwa?" Nikamwambia hapana mzee, naye amesoma.

Pesa sasa. Nimeona viwanja vimeuzwa, ng'ombe wameuzwa, na kwa asilimia kubwa vimeuzwa wakati mbaya, yani baada ya hukumu. Kule chini kesi inaposikilizwa familia inasema tusubiri tuone, ushahidi wenyewe hamna, atashinda tu. Akifungwa ndio wanachanganyikiwa wanauza kila kitu watafute wakili wa rufaa. Kama una pesa ya wakili mara moja tu katika maisha yako, itumie wakati mashahidi wako kizimbani. Wakati huo maneno ndio yanaandikwa. Na kama huna kabisa, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watoa msaada wa kisheria wapo, na kwenye magereza wanaingia, ulizia mapema.

Vishoka ndio janga. Mtu ana suti na begi, anasimama nje ya mahakama, anajiita wakili au anasema anamjua karani anayemjua jaji. Mama mmoja alinifuata akiwa ameshalipa kwa mtu wa namna hiyo pesa ya mifugo yote aliyoachiwa na marehemu mume wake, na kwenye jalada hata kusudio la rufaa hakuna. Mtoto alikuwa gerezani anaamini rufaa yake inaendelea. Kabla hujatoa hata shilingi, ingia mfumo wa mahakama wa e-Wakili uandike jina lake uone kama yupo na kama ana leseni ya mwaka huo. Dakika tano tu. Na wakili yeyote anayekuahidi ushindi, hata kama ni wakili wa kweli kabisa, mkimbie.

Kuna wale waliokiri kosa. Hili linanisumbua kuliko mengine. Mtu anasomewa mashtaka, mwenzake wa mahabusu amemwambia ukikubali unapunguziwa, anasema "ni kweli". Anasomewa maelezo ya tukio, "ni kweli". Halafu kosa lenyewe adhabu yake ya chini ni miaka 30, hakimu hata akitaka kumhurumia hana pa kushuka. Na aliyekiri hana rufaa juu ya kutiwa hatiani, ana rufaa juu ya adhabu tu. Mianya ipo, kesi ya Laurent Mpinga ya 1983 imeieleza, kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au alikiri kwa kutoelewa au yale aliyosomewa hata yakikubaliwa hayafanyi kosa, lakini ni mianya myembamba. Msimwache ndugu yenu aende kusomewa mashtaka bila kuwa ameambiwa adhabu ya kosa lake.

Na rufaa inaweza kukugeuka. Mtu amehukumiwa miaka 30 kwa kubaka mtoto, anakata rufaa, majaji wanasoma wanakuta mtoto alikuwa chini ya miaka 10, na sheria kwa umri huo inasema kifungo cha maisha. Wanaiondoa miaka 30 wanaweka maisha. Nilishamwambia mteja mmoja hivyo uso kwa uso, nikamwambia kaka ushahidi dhidi yako una nguvu na adhabu uliyopewa ni ndogo kuliko inayotakiwa, ukiamua kwenda nitaenda na wewe lakini ujue. Akakaa kimya muda mrefu, akaamua kuendelea. Ilikuwa haki yake. Ikawa maisha.

Watu huniuliza nalala vipi, kumtoa mtu ambaye labda alifanya. Nalala, sio kila siku. Kuna siku nimetoka kwenye chumba cha mahakama, rufaa imeshinda kwa sababu mtoto aliyetoa ushahidi hakuahidi kwanza mbele ya mahakama kwamba atasema kweli kama sheria ilivyobadilishwa 2016 inavyotaka, ushahidi wake ukafutwa wote. Mama wa mtoto alikuwa nje. Hakunitukana, alitaka tu nimwelezee kilichotokea, na mimi nilimwelezea kama ninavyowaelezea hapa, kwamba kuna sentensi moja ambayo mtu alitakiwa kuiandika hakuiandika. Akaniuliza, "Kwahiyo mwanangu alisema uongo?" Nikasema hapana mama, mahakama haijasema hivyo. Sikuwa na jibu zuri zaidi na mpaka leo sina. Ninachoamini ni kwamba uzembe ule ulimuumiza yeye na mtoto wake kabla ya kumsaidia mteja wangu, na tukianza kuwafunga watu kwa ushahidi ambao haukuchukuliwa vizuri basi yule kijana wa taa naye angebaki ndani. Baadae majaji wameanza kuliangalia hilo suala la ahadi kwa jicho pana kidogo, na sina ugomvi na hilo.

Ukishindwa Mahakama ya Rufani, kwa kawaida umefika mwisho. Unaweza kuiomba ipitie uamuzi wake yenyewe lakini kwa sababu chache mno, na kutokukubaliana na hukumu sio mojawapo. Zamani wafungwa wengi walikuwa wanaandika kwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na kesi ya Alex Thomas ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa zito kama unyang'anyi wa kutumia silaha kutopewa wakili wa bure ni ukiukwaji wa haki. Ila Tanzania ilijiondoa kwenye lile tamko la kuruhusu watu binafsi kushitaki moja kwa moja, ilitangaza Novemba 2019 na ikaanza kufanya kazi Novemba 2020, kwahiyo anayekuuzia ndoto ya Arusha leo muulize vizuri. Na msamaha wa Rais ni kitu kingine, kama tulivyoona Disemba 2017 kwa wale wanamuziki baba na mwana, Babu Seya na Papii Kocha, unatoka nje lakini hukumu haijafutwa.

Ukishinda, amri inasema uachiwe mara moja isipokuwa kama unashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Yale maneno ya mwisho yana maana yake, kuna watu wamekamatwa tena pale pale getini kwa kesi nyingine, kwahiyo kama kuna kesi nyingine popote mwambie wakili wako mapema, usimfiche. Chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri, sio fotokopi ya kawaida, polisi wa kituo cha kijijini hajui kwamba umeshinda. Na kama hakimu kule chini aliamuru mali yako itaifishwe au ulipe fidia, hakikisheni kwenye sababu za rufaa mmeandika na hilo mnaomba lifutwe. Nina mteja ametoka bila hatia yoyote na pikipiki yake bado ilikuwa ya serikali kwa sababu aliyemwandikia rufaa alipigania mwili tu, ikabidi tuanze maombi mengine kwa ajili ya pikipiki.